Bolti Kumi na Bakuli la Hina

Kaka yangu Mwero alifanya kazi miaka kumi na minane katika kiwanda cha sukari huko upande wa Ramisi, na alipotoka alitoka na vitu viwili: maumivu ya kiuno, na imani kwamba hakuna bolti duniani iliyokazwa ikatosha. Mashine za kusaga miwa zina bolti nene kama mkono wa mtoto. Wakizikaza, walikuwa wakichomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, kisha watu wawili wananing'inia. Mwero aliyabeba mafunzo hayo akaja nayo nyumbani Bongwe. Mlango wa choo chetu hauna bawaba iliyo salama. Cherehani yangu aliikaza mguu mpaka ukapasuka, kisha akaniambia, "Dada, chuma kile kilikuwa kibovu tangu zamani." Hata chupa ya mafuta ya nazi, akiifunga yeye, hatuli samaki wa kukaanga mpaka arudi aifungue.

Lakini niliyekusudia kueleza habari zake si yeye. Ni mkewe, wifi yangu Shutu, ambaye nimekaa naye ua mmoja tangu nifiwe na mume wangu.

Shutu ni mfupi, na akicheka huuma ncha ya leso yake, kwa hivyo leso zake zote zina kona moja iliyochakaa. Kazi yake ni kupikia watu: harusi, hitima, maulidi. Pilau yake ukiila leo, kesho vidole bado vinanukia, na wewe huvioshi vizuri makusudi. Marehemu babake, Mzee Tembo, alikuwa akiwamba madufu, zile ngoma ndogo za maulidi, na Shutu tangu mdogo ndiye aliyekuwa akimshikia misumari mdomoni, akimpa mmoja mmoja. Kwa hivyo alikua akijua mambo mawili, kupika na kuwamba, na hakuna aliyewahi kumuuliza juu ya la pili.

Gari la Mwero lina mgongo mrefu, linabeba sufuria tatu kubwa zikikaa sawa. Amelipa jina la Shangazi, ati kwa sababu halinyamazi njia nzima. Mimi ndiye shangazi wa watoto wake. Nimemsamehe.

Mwaka jana Shutu alialikwa kupika maulidi ya kijiji kimoja mbele ya Ramisi. Tulitoka na pilau ya moto, kachumbari, na ndoo ya sharubati ya waridi. Tulipofika katikati ya miwa Shangazi akachemka. Maji hatukuwa nayo, na mto ulikuwa bado mbali. Mwero akaangalia rejeta, akaangalia ndoo. Shutu akasema, "Baba Yusra, usithubutu." Alithubutu. Shangazi alikunywa sharubati yote ya maulidi, akatoa mvuke wa kunukia kama chumba cha bi arusi, na hakuondoka. Wakata miwa walikuja kutuangalia, wengine wakatuuliza kama tunauza. Pilau ilifika juu ya trekta, imepoa, dua imekwisha, wageni wanavaa viatu.

Mwenye maulidi, Bi Mishi, ni mtu mzima asiyepandisha sauti. Mwaka huu alimwita Shutu akamwambia, "Mwanangu, nakupa tena mara hii. Mkono wako naujua. Lakini chakula kikichelewa, mwaka ujao nitamchukua yule mpishi wa Ukunda mwenye pikapu yake." Na kila mtu anajua kwamba Bi Mishi akimwacha mpishi, nusu ya Msambweni nayo inamwacha.

Basi wiki mbili kabla ya siku, Shangazi akaanza kunywa maji tena na kutoa moshi mweupe.

Alikuja binamu yake Shutu, Abdulwahab, fundi wa mashine za boti zinazopeleka wageni Funzi. Akafungua, akasema gasketi ya hedi imeungua. Kwa wenzangu wasiojua, hedi ni kile kichwa cha injini, na gasketi ni bapa jembamba linalokaa chini yake ili maji na moto visikutane. Kichwa kikikaa upande, hukutana, na hapo ndipo sharubati inapokwenda. Abdulwahab akaipeleka hedi Ukunda kusawazishwa, akairudisha na gasketi mpya. Hakuweza kukaa aifunge mwenyewe kwa sababu boti zilikuwa zinamngoja, lakini alimwachia Mwero spana yake ya kipimo, ndefu, yenye namba shingoni, pamoja na karatasi aliyochora bolti kumi na kuzipa namba.

"Shemeji," akamwambia, "usianzie pembeni. Anza hizi za katikati, uende ukivuka, moja huku, moja kule, mpaka umalizie za mwisho. Raundi tatu. Ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu ndiyo yenyewe."

"Abdulwahab, wewe ulipokuwa unanyonya, mimi nilikuwa nakaza mashine za miwa."

"Ile ilikuwa miwa. Hii hedi ni aluminiamu, shemeji, ni laini. Ukifika kipimo spana inalia ta. Ikilia, iache."

"Spana inipangie mimi? Mimi nina mkono."

Akaitundika ile spana ukutani, kwenye msumari wa kofia yake ya kazi. Karatasi aliiweka chini ya kikombe cha chai. Shutu aliiokota, akaipangusa, akaikunja ndani ya leso.

Ijumaa asubuhi, kesho yake ndiyo maulidi, Mwero akaiweka hedi juu ya injini. Shangazi alikuwa ameegeshwa ubavu mmoja karibu na ukuta wa jiko, kwa hivyo upande ule spana haikuwa na nafasi ya kuzunguka. Mwero akaanzia upande wake aliosimama. Akachomeka bomba, akaning'inia mpaka chuma kikalia nyii. Ya kwanza, ya pili yake, ya tatu yake, zote za upande mmoja. Kisha akapenyeza mkono upande wa ukuta, akazigusa zile nyingine kama mtu anayesalimia watoto wa jirani.

Shutu akatoka jikoni na mwiko. "Baba Yusra, Abdulwahab si alisema katikati kwanza?"

"Mama Yusra, wewe kaza pilau."

Shutu akarudi jikoni. Aliuma leso, lakini mara hii hakuwa anacheka.

Saa sita na robo Mwero alioga, akavaa kanzu, akajipaka mafuta mazuri. "Nikirudi nafunga vilivyobaki, jioni anaunguruma. Nichungieni injini yangu, kuku wasipande." Akaenda zake msikitini kuswali Ijumaa.

Alipopotea tu kwenye kona, Shutu akaweka mwiko chini.

"Wifi, amesema tumchungie injini."

"Amesema kuku wasipande," nikamjibu.

"Kuku ni mmoja wa maadui. Kuna wengine." Akachukua simu akampigia Abdulwahab. Nilikuwa karibu, nilisikia yote.

"Kaka, salaam aleikum. Nina swali. Mtu akikaza hedi kwa kuanzia pembeni, inafaa alegeze aanze upya?"

"Waaleikum salaam. Injini imewashwa?"

"Bado."

"Kama moto haujaigusa gasketi, afadhali alegeze leo kuliko kujuta kesho. Alegeze za pembeni kwanza aje kati, kinyume cha kukaza. Apake oili kidogo kwenye meno ya bolti. Ni Mwero huyo?"

"Nimesema mtu."

"Basi mwambie huyo mtu kila bolti akiimaliza raundi ya mwisho aitie alama, asiruke moja. Sisi hutia rangi. Nami naingia msikitini, niombeeni." Nadhani alikuwa anacheka.

Mimi ni mtu wa kuogopa dhambi, nanyi mnaonijua mnajua. Nilimwambia, "Shutu, ni mumeo, na ni kaka yangu."

"Nimemvunjia amri gani? Amesema nikaze pilau. Nitaikaza, kuanzia gari linalobeba sufuria." Akaitoa spana kwenye msumari, akaweka kofia ya Mwero vizuri juu ya kiti. "Wewe unasoma namba, mimi nazungusha. Bismillahi."

Kulegeza ndiko kulikotutoa jasho. Zile za upande wa Mwero zilikuwa zimeshikana kama ndugu wanaogombea shamba. Tulichomeka lile lile bomba lake tukaning'inia wote wawili, mimi na miaka yangu hamsini na minne, buibui nimeifunga kiunoni, na bolti ya kwanza ilipoachia tulianguka juu ya ndoo ya maganda ya viazi. Shutu alicheka hadi akakaa chini. Lakini za upande wa ukuta, wallahi, mbili zilifunguka kwa vidole.

"Umeona?" Shutu akaacha kucheka. "Mwamba ngoma huvutia kwake. Baba alikuwa akinipiga kofi kwa jambo hili hili. Ukiwamba dufu ukapiga misumari yote upande wako, ngozi inakuja kwako yote, upande wa pili inalala. Ukilipiga linasema bwe, kama mtu mwenye mafua. Msumari mmoja hapa, wa pili uvuke ng'ambo, na yote uipige nusu kwanza. Nimekaa na haya kichwani miaka arobaini, nikidhani ni ya madufu tu."

Nikaifungua karatasi. Shule niliiacha darasa la saba, lakini moja mpaka kumi bado ninazo. "Moja, hii ya kati. Mbili, ng'ambo yake." Shutu alikuwa amepanda juu ya kinu kilichopinduliwa, na upande wa ukuta tulimsukuma Shangazi kidogo ili spana ipate nafasi, jambo ambalo kaka yangu angeweza kulifanya tangu asubuhi. Bolti ya kwanza ilipofika kipimo, spana ikalia ta! Shutu akashtuka kama amefinywa.

"Imenijibu!"

"Basi iache, imesema ta."

Raundi ya pili alikuwa tayari anaipenda. Raundi ya tatu ilikuwa nzito, tukashika wawili, na kila ta moja ilikuja na "Alhamdulillahi" yangu. Rangi ya kutilia alama hatukuwa nayo, lakini Shutu alikuwa amekoroga bakuli la hina ya kupaka jioni kwa ajili ya maulidi. Akachovya njiti ya kibiriti, akaweka nukta juu ya kila bolti iliyokwisha, nadhifu, kama anapamba kidole cha mtoto.

Tulipomaliza tukahesabu nukta. Tisa.

Tukahesabu tena. Tisa. Nilikuwa nimesoma namba nane mara mbili na saba nikairuka. Shutu aliniangalia. "Wifi, na kwenye rakaa pia unahesabu hivi?" Mungu amsamehe. Tukaikaza ya saba, ikalia, ikapata nukta yake.

Tulikusudia kuzifuta baadaye. Lakini tukasikia sauti za wanaume wanarudi, salamu zinapita njiani, na ya Mwero ndiyo ya juu. Spana ikarudi msumarini, kofia juu yake, sisi ndani ya jiko. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi kwa oili, na majivu na sabuni havikuitoa kwenye kucha. Shutu akanivuta kwenye bakuli, akanizamisha vidole vyote kumi, na vyake pia. Mimi mjane, sina wa kujipambia, lakini siku ile nilipaka hina kama mwari.

Mwero akavua kanzu, akainama juu ya injini. Miwani huwa haivai akifanya kazi. Husema miwani ni ya makarani. Akakaa ameinama. Akaendelea kukaa. Jikoni hatukupumua.

"Mama Yusra!"

"Labeka."

"Niletee maji ya kunywa."

Shutu akampelekea. Alikunywa polepole, akamwangalia vidole, kisha akanigeukia mlangoni nilikosimama, akaangalia na vyangu. "Mnapendeza," akasema. "Dada, kuku hawakupanda?"

"Hakuna kuku aliyepanda, kaka."

Nilimshukuru Mungu kwamba aliuliza habari za kuku.

Akafunga vilivyobaki, akafunika kifuniko cha juu, hina yetu ikazikwa humo. Kabla ya magharibi Shangazi aliwaka, akanguruma bila moshi. Mwero alizunguka majirani nyumba kwa nyumba akiuonyesha mkono wake wa kulia. Shutu alipoulizwa alijibu, "Mashallah," na neno hilo halina uongo ndani yake.

Jumamosi tulipakia sufuria. Shutu alikaa nyuma pamoja nazo, ameukumbatia mfuniko wa kubwa. Njia nzima alikuwa anamwangalia Mwero shingo, na mimi naangalia mshale wa moto kwenye dashibodi. Tulipofika mahali pale pale pa mwaka jana, katikati ya miwa, Mwero akasimamisha gari.

Shutu akapiga yowe. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nataka Shangazi apaone mahali alipotuaibisha." Akashuka, akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini kama anayempima mtoto homa, akarudi. "Mzima." Tukaondoka. Shutu alinifinya bega mpaka leo lina alama.

Tulifika kabla ya kisimamo, pale watu wanaposimama kumswalia Mtume. Bi Mishi mwenyewe alikuja, akafunua mfuniko, mvuke ukampanda usoni, akafumba macho. "Shikamoo, Bi Mishi," Shutu akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Mwaka ujao ni wewe, Mungu akituweka." Akafunika. Shutu alikwenda nyuma ya nyumba, akaniambia anatafuta kuni. Kuni zilikuwa mbele.

Upande wa wanaume, kaka yangu alikuwa amekwisha kuwakusanya watu kwenye boneti. Abdulwahab naye alikuwepo. "Shemeji, ulifuata kipimo?"

"Kila bolti imekaa mahali pake," Mwero akajibu. "Spana yako niachie wiki nyingine."

Abdulwahab akaniangalia vidole nikipita na sinia. Akakohoa, akaenda kutawadha mara ya pili.

Hapo tulidhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, kwa sababu sifa ya mkono wa Mwero ilitembea. Siku ya Jumanne, jirani Charo akaja uani kwetu. Charo ni wa hapa hapa Bongwe, hubeba madafu kupeleka mahoteli ya Diani, na gari lake lilikuja limevutwa kwa kamba, hedi imesawazishwa, iko ndani ya gunia.

"Mzee Mwero, nimesikia una mkono. Nikazie hii. Nikiharibikiwa tena, sina la kuwaambia wa nyumbani."

Mwero akasimama, na macho yake yakaenda kwenye lile bomba.

Nikamvuta Shutu jikoni. "Wifi, mchezo umekuwa dhambi. Gari lile ndilo linalolisha nyumba ya watu. Akilikaza kwa bomba lake tutaulizwa sisi."

Rangi ilimtoka. "Nitamwambia. Sasa hivi." Akatoka, leso ameishika kwa mikono miwili. "Baba Yusra, nina neno nawe. Ni la hedi. Siku ile ya Ijumaa—"

"Ngoja, Mama Yusra, naongea na mgeni." Akamgeukia Charo. "Nitakukazia. Lakini si leo. Hapa kwangu hedi hukazwa Ijumaa."

"Ijumaa? Kwa nini?"

"Wakati wa sala. Kuna utulivu."

Charo akafikiri. "Lakini wakati huo si utakuwa msikitini?"

"Ndiyo maana kuna utulivu."

Charo si mtu wa mabishano. Akasema sawa, akaacha gunia. Shutu alibaki amesimama pale pale mdomo wazi, na leso ikamwanguka. Kaka yangu akaiokota, akampa, akapita zake akipiga mluzi.

Ijumaa alikuwa ameegesha gari la Charo katikati ya ua, mbali na kuta, linazungukika pande zote. Hedi aliiweka juu ya injini, bolti akazishikiza kwa vidole tu. Akaoga, akavaa kanzu, akajipaka mafuta. Na alipofika mlangoni mwa ua akageuka.

"Nichungieni injini ya watu. Kuku wasipande."

Tulipotoka, spana ya kipimo ilikuwa juu ya boneti, imepanguswa. Karatasi imekunjuliwa, imewekewa jiwe. Kinu kimepinduliwa upande wa Shutu. Lile bomba la Ramisi nililiona limesimikwa kule nyuma, linaegemeza mpapai. Na kando ya spana palikuwa na pakiti ya hina, mpya, haijafunguliwa.

Shutu aliichukua akainusa. "Hii ni ile nzuri," akasema. "Mimi tangu anioe hajawahi kuninunulia hii."

"Basi ikoroge, wifi, saa zinakwenda."

Akafunga leso, akapanda juu ya kinu. "Namba moja ni ipi? Na mara hii usome kama uliyekwenda shule."

"Moja, hii ya kati," nikamwambia.

Ta.